Virusi hudumu muda gani kwenye mavazi ya kinga, na namna ya kuyavua bila kuondoka navyo

Swali ambalo wahudumu wapya wa afya huniuliza kuliko yote ni hili: "Baada ya saa ngapi gauni langu linakuwa salama kulishika?" Wanataka namba moja, nami naelewa kwa nini. Mtu aliyesimama zamu nzima, jasho limemtoka ndani ya gauni na barakoa imemwachia mistari usoni, anatamani kusikia kwamba baada ya saa kadhaa mambo yamekwisha.

Namba zipo, na nitazitoa hapa. Lakini zimepatikana maabara, kwa tone la virusi lililodondoshwa makusudi juu ya kipande cha kitambaa au plastiki, chumba kikiwa na joto na unyevu uliopangwa. Gauni lako lina jasho, damu na makohozi, na linavuliwa na mtu aliyechoka. Kwa hiyo zichukue namba hizi kama msaada wa kuamua mambo matatu: vazi litupwe au lifuliwe, likikaa likae wapi, na nani anaruhusiwa kulishika. Hatari iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika zile dakika mbili tatu za kuvua, virusi vikiwa bado vibichi na mikono yako ikizunguka karibu na macho na mdomo.

Hatua ya 1: Jua ni kirusi gani unachokabiliana nacho

Kabla ya kuuliza saa, uliza jina la ugonjwa. Virusi vimegawanyika katika makundi mawili yanayokuhusu wewe moja kwa moja.

Kundi la kwanza ni virusi vilivyofunikwa na utando wa mafuta: korona, mafua, Ebola, surua, RSV inayowasumbua watoto wachanga vifuani, VVU, homa ya ini B na C. Utando huo ndio udhaifu wao. Sabuni huuvunja kama inavyovunja mafuta kwenye sufuria, na kirusi kikishapoteza utando wake hakiwezi tena kuingia kwenye seli ya mtu. Pombe ya vitakasa mikono hufanya kazi hiyohiyo.

Kundi la pili halina utando: norovirusi na rotavirusi za kuhara, adenovirusi, polio, homa ya ini A. Hawa ni wagumu. Hukaa kwenye vitu vikavu kwa siku nyingi, hata wiki, na kitakasa mikono cha pombe hakitoshi kwa baadhi yao, hasa norovirusi. Ukitoka kumhudumia mgonjwa anayetapika na kuhara, nenda kwenye bomba na sabuni; ile chupa ya ukutani iache.

Usipime ukali wa kirusi nje ya mwili kwa hofu ambayo watu wanayo juu ya ugonjwa wake. VVU huogopwa sana, ila damu ikikauka hudhoofika ndani ya saa chache. Homa ya ini B haitajwi kwa hofu hiyo, na bado kirusi chake kinaweza kuambukiza baada ya siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka, hata kama doa halionekani kwa macho. Mfua nguo wa hospitali anayekunja mkono wa gauni lenye doa kavu anapaswa kulijua hili kabla ya mtu mwingine yeyote, na anapaswa awe amepata chanjo ya homa ya ini B.

Hatua ya 2: Zisome namba kwa usahihi

Tuanze na korona, kwa sababu ndiyo iliyopimwa sana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulipata virusi hai kwenye plastiki hadi saa 72, kwenye chuma cha pua hadi saa 48 au zaidi kidogo, kwenye boksi la karatasi ngumu hadi saa 24, na kwenye shaba saa 4 tu. Mwaka huohuo, watafiti wa Hong Kong walipima katika chumba chenye joto la nyuzi 22. Kwenye kitambaa hawakupata kirusi hai siku ya 2. Kwenye plastiki na chuma virusi vilionekana kwa siku kadhaa kabla ya kutoweka siku ya 7. Ila upande wa nje wa barakoa ya upasuaji bado ulikuwa na virusi hai siku hiyo ya 7, vichache sana, lakini vipo.

Hebu tulia hapo kidogo. Barakoa ya upasuaji huonekana kama kitambaa au karatasi, na mtu angedhani itakausha virusi upesi kama pamba. Kumbe imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki zisizonyonya maji. Magauni mengi ya kutupa yametengenezwa hivyo pia. Kwa hiyo ukitaka kukisia muda wa virusi kwenye vazi, angalia limetengenezwa kwa kitu gani, usiangalie linavyoonekana mkononi.

Mafua yanasimulia habari hiyohiyo. Kipimo cha mwaka 1982 kilionyesha kwamba kirusi cha mafua huishi saa 24 hadi 48 kwenye chuma na plastiki, lakini saa 8 hadi 12 kwenye kitambaa na karatasi. Kuna sehemu ya kipimo hicho ambayo watu huisahau nami naiona ndiyo yenye thamani zaidi: kutoka kwenye chuma, virusi viliweza kuhamia mkononi kwa muda wa saa 24, wakati kutoka kwenye karatasi laini vilihamia kwa dakika 15 tu. Kitambaa na karatasi huvinyonya virusi na kuving'ang'ania. Plastiki hukupa chochote ilicho nacho. Na vikishafika mkononi, virusi hivyo vya mafua vilidumu dakika 5 hivi, muda unaotosha kabisa kujikuna jicho.

RSV ni dhaifu kuliko hao. Vipimo vya mwaka 1980 vilikipata kirusi chake kwenye meza hadi saa 6, kwenye glavu za mpira hadi saa moja na nusu, kwenye magauni ya kitambaa dakika 30 hadi 45, na kwenye ngozi hadi dakika 20. Anayehudumia wodi ya watoto na kumnyanyua mtoto mmoja baada ya mwingine akiwa na gauni lilelile, azikumbuke dakika hizo 30. Zinatosha kuzunguka vitanda vyote.

Barakoa za N95, zile zinazobana uso na kuchuja chembe ndogo, nazo zilipimwa kwa kirusi cha mafua ya H1N1 ya mwaka 2009, na kirusi kilibaki na uwezo wa kuambukiza hadi siku 6. Ebola ilipimwa kwenye kitambaa cha Tyvek kinachoshonewa suti za kujifunika mwili mzima: katika hali ya hospitali yenye kiyoyozi, nyuzi 21 na hewa kavu, kirusi kilidumu zaidi ya wiki moja. Katika joto la nyuzi 27 na unyevunyevu mwingi, zilikuwa siku chache tu.

Sasa, maana ya "hadi saa 72". Watu husikia hivyo wakadhani virusi hukaa vyote, kisha saa ya 72 hufa kwa mkupuo. Havifi hivyo. Vinapungua kwa nusu, tena kwa nusu. Kirusi cha korona kwenye plastiki hupungua kwa nusu kila baada ya saa 7 hivi. Tuseme ngao yako ya uso imerukiwa na virusi 1,000. Baada ya saa 7 vimebaki 500, baada ya saa 14 ni 250, baada ya saa 21 ni 125, baada ya saa 28 ni kama 60. Sehemu kubwa imekufa siku ya kwanza, ila mkia wake ni mrefu. Na kama ngao ilirukiwa na virusi milioni, mkia huo unakuwa mrefu zaidi. Ndiyo maana vazi lililomwagikiwa na vazi lililopita tu karibu na mgonjwa hayawezi kupewa muda uleule.

Jambo la mwisho katika namba: kupata vinasaba vya kirusi si sawa na kupata kirusi hai. Kwenye meli ya Diamond Princess mwaka 2020, vinasaba vya korona vilipatikana ndani ya vyumba vya wasafiri hadi siku 17 baada ya wenyewe kuondoka. Habari hiyo ilienea kana kwamba mtu angeambukizwa na shuka la wiki mbili. Vinasaba ni kama majivu: vinaonyesha kwamba moto uliwaka, havisemi kwamba bado unaunguza. Ukisoma namba yoyote ya namna hii, tafuta kwanza kama walipima kirusi kinachoweza kuambukiza au mabaki yake.

Hatua ya 3: Likague vazi lenyewe

Ukishajua kirusi na kitambaa, tazama mambo manne juu ya vazi lililo mbele yako.

Uchafu: damu, makohozi, matapishi na kinyesi huvifunika virusi na kuvilinda visikauke wala kufikiwa na dawa. Vazi lenye doa huhesabiwa hatari hata kama "saa zimepita".

Joto: baridi huvihifadhi. Korona katika nyuzi 4 ilipungua kidogo sana hata baada ya siku 14, lakini katika nyuzi 56 iliisha ndani ya dakika 30, na katika nyuzi 70 ndani ya dakika 5.

Jua: mwanga wa jua ulioigizwa maabara uliua asilimia 90 ya virusi vya korona vilivyokauka juu ya chuma ndani ya dakika 7 hadi 14. Ni habari njema kwa nguo zilizokwisha kufuliwa na kuanikwa. Gauni chafu lililorundikwa, mikunjo yake ikiwa gizani, halifaidiki na jua hilo.

Unyevu: vazi lililoloa huachia zaidi linachobeba, na majimaji hupenya hadi nguo za ndani. Likiloa, limekwisha. Livue.

Hatua ya 4: Vaa ukijua utavua

Vua saa, pete na bangili kabla ya kuingia. Nywele zifungwe na zifunikwe, na mtandio uingizwe ndani ya gauni. Simu ibaki nje. Kunywa maji na uende haja kabla, maana mtu aliyebanwa huvua kwa haraka.

Mikono ya gauni iwe chini, mdomo wa glavu uwe juu yake. Kifundo cha mkono ndicho mahali ambapo vazi hufunguka bila wewe kujua: ukinyoosha mkono kumgeuza mgonjwa, gauni linavutika na ngozi inatokeza. Nyoosha mikono yote mbele kabla ya kuingia uone kama kuna ngozi. Ikiwepo, tafuta glavu ndefu au gauni lenye mikono mirefu zaidi. Kamba za gauni zifungwe kwa fundo la kuvutika, kwa mgongo au ubavuni. Fundo gumu nimeliona likimfanya mtu apinde shingo na kuhangaika kwa vidole vichafu nyuma ya kichwa chake.

Hatua ya 5: Ukiwa ndani, linda glavu zako

Glavu ndizo zinazogusa kila kitu, nazo ni za mpira au plastiki ambayo hutoa upesi kilichoishika. Usirekebishe miwani kwa glavu ulizomshikia mgonjwa. Badilisha glavu unapotoka sehemu chafu ya mwili kwenda safi, na kila unapohama mgonjwa, ukisafisha mikono katikati. Zikichanika, toka pembeni, zivue, nawa, vaa nyingine. Kupaka dawa juu ya glavu ili zitumike kwa mgonjwa mwingine hakufai: mpira huharibika na matundu usiyoyaona huongezeka.

Hatua ya 6: Kuvua

Hapa ndipo ninapoomba tuende polepole.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipaka vifaa vya kinga kirusi kisichodhuru watu, wakawaambia wahudumu wavue kwa kufuata utaratibu rasmi. Kirusi kilikutwa kwenye mikono na kwenye nguo za ndani za wengi wao. Mwaka 2015 wengine walitumia losheni inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Katika majaribio 435 ya kuvua, ngozi au nguo zilichafuka kwa asilimia 46. Waliokosea hatua walichafuka kwa asilimia 70, na waliovua sawasawa kwa asilimia 30. Hata aliyevua vizuri alichafuka mara 3 katika kila 10, na ndiyo maana kunawa mikono kumewekwa katikati ya hatua hizi.

Andaa sehemu ya kuvulia kabla zamu haijaanza: pipa lenye kifuniko cha kukanyaga kwa mguu, ndoo ya vifaa vya kurudia, kitakasa mikono au maji na sabuni, na kioo ikiwezekana. Feni isielekezwe hapo. Awepo mwenzako wa kukutazama na kukusomea hatua moja moja kwa sauti. Kwa Ebola na magonjwa yanayofanana nayo, ambako suti na glavu mbili hutumika, msimamizi huyo ni lazima na utaratibu wake maalumu ndio unaofuatwa. Ufuatao ni wa gauni, glavu, miwani na barakoa.

Anza na glavu. Bana glavu ya mkono mmoja kwa nje, karibu na kiganja, uivute ikitoka huku ikigeuka nje ndani. Ishikilie kwa mkono wenye glavu bado, iviringe iwe kama mpira. Sasa mkono ulio mtupu: ingiza kidole ndani ya glavu iliyobaki, chini ya mdomo wake, ngozi kwa ngozi, uisukume itoke ikiifunika ile ya kwanza. Usivute kwa kishindo. Glavu ikiachia kwa kuruka, matone huruka nayo. Safisha mikono.

Gauni linafuata. Fungua fundo, ingiza vidole ndani ya shingo ya gauni upande wa mgongo, lisukume mbali na mabega. Mikono yako iguse upande wa ndani pekee. Liache lianguke mbele likijikunja, upande mchafu ukimezwa ndani, kisha liviringe ukilishika mbali na tumbo lako. Makosa mawili hutokea hapa kila siku: mtu hulikumbatia gauni kifuani akilikunja, au hulikung'uta kama anayekunja shuka. Safisha mikono tena.

Miwani au ngao ya uso ishike kwa nyuma, kwenye mkanda au vishikio vya masikioni, uinamishe kichwa kidogo na uiondoe kuelekea mbele. Sehemu ya mbele usiiguse. Iweke kwenye ndoo yake.

Barakoa iwe ya mwisho, na kama mgonjwa ana ugonjwa unaosambaa kwa hewa, ivue ukiwa umetoka chumbani na mlango umefungwa. Kamba ya chini kwanza, ya juu baadaye, kisha iondoe kwa kuishika kamba hiyo. Ukianza na ya juu, barakoa hudondokea shingoni na sehemu yake ya nje hugusa kidevu.

Nawa mikono mara ya mwisho: sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, au sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa mikono ikiwa mikono haina uchafu unaoonekana. Vifundo vya mikono vioshwe pia.

Nisisitize jambo moja. Kumpulizia mtu klorini akiwa amevaa nguo zake, au kumpitisha kwenye kibanda cha dawa, ni kitu ambacho Shirika la Afya Duniani, WHO, limekikataa waziwazi. Dawa huumiza macho na mapafu, na mtu hutoka akiamini amekuwa safi.

Hatua ya 7: Vya kutupa na vya kurudia

Glavu, barakoa za upasuaji na magauni ya kutupa huingia kwenye mfuko wa taka hatarishi. Ukijaa robo tatu, ufungwe. Usiubinye kwa mkono kutoa hewa.

Miwani, ngao, aproni nzito na gamboti huoshwa kwanza kwa maji na sabuni, kwa brashi panapohitajika. Watu wengi hutaka kuruka hapa waende moja kwa moja kwenye klorini, na klorini huishia kupigana na uchafu badala ya virusi. Ukishaosha, futa kwa pombe ya asilimia 70 au weka kwenye klorini ya asilimia 0.1 kwa dakika 10, kisha suuza kwa maji safi na ukaushe. Damu iliyomwagika, au vifaa kutoka kwa wagonjwa wa Ebola, hutaka klorini ya asilimia 0.5.

Hesabu ya kuchanganya ni hii: gawanya asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayoitaka, kisha toa 1. Jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya klorini. Chupa ya asilimia 5 ukitaka 0.5: 5 gawanya kwa 0.5 ni 10, toa 1, ni sehemu 9 za maji. Ukitaka 0.1, ni sehemu 49. Kwa unga wa asilimia 70 ukitaka 0.5, weka gramu 7 hivi kwa kila lita ya maji. Changanya mpya kila siku, andika saa na tarehe kwenye chombo, fanyia mahali penye hewa, na usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi wala kuimimina moja kwa moja kwenye mkojo, maana hutoa gesi yenye sumu.

Hatua ya 8: Kufua

Namba za hatua ya 2 zilihitajika hasa kwa ajili ya mtu huyu anayepokea nguo. Gauni la kitambaa likifika kwake ndani ya saa mbili, alichukulie kwamba kila kirusi kilichorukia bado kimo. Avae glavu nzito, gauni au aproni ndefu, gamboti, kinga ya macho na barakoa. Kinyesi au matapishi magumu yaondolewe kwa kitu bapa na kutupwa chooni kabla nguo haijaingia majini. Nguo zisihesabiwe kwa kukung'utwa moja moja sakafuni. Zihesabiwe zikiingia mfukoni, wodini.

Kwenye mashine, maji ya nyuzi 60 hadi 90 pamoja na sabuni yanatosha. Pasipo mashine, loweka kwenye pipa kubwa la maji ya moto na sabuni, ukikoroga kwa fimbo bila kurusha matone. Maji ya moto yakikosekana, loweka kwenye klorini ya asilimia 0.05 kwa dakika 30 hivi. Kwa chupa ya asilimia 5 ni sehemu 99 za maji. Suuza, kisha anika juani mpaka zikauke kabisa, mishono na mifuko ikiwemo.

Hatua ya 9: Barakoa za N95 zikiadimika

Hii ni njia ya dharura, si desturi. Wakati wa uhaba wa mwaka 2020, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kilieleza mpango wa mzunguko: kila mhudumu apewe barakoa 5, avae moja kwa siku, akimaliza aiweke kwenye mfuko wa karatasi unaopitisha hewa, na isiguswe tena kwa angalau siku 5. Siku hizo zilichaguliwa kwa kuangalia muda ambao korona hudumu, kwa hiyo usihamishie mpango huo kwa kirusi kingine kwa kukisia. Mfuko uandikwe jina na tarehe. Mfuko wa plastiki uliofungwa hutunza unyevu, na unyevu huharibu barakoa.

Barakoa iliyorukiwa damu au majimaji, iliyolegea kamba au isiyobana tena usoni, itupwe hata kama ni ya jana. Usiioshe, usiipake pombe wala klorini: nyuzi zake zina chaji ya umeme inayonasa chembe ndogo, na dawa huiondoa hiyo chaji. Itaonekana nzima huku haichuji. Na unapoivaa tena, ihesabu kuwa chafu kwa nje, na usafishe mikono baada ya kuirekebisha.

Hatua ya 10: Unapokwenda nyumbani

Sare ya kazi ibadilishwe kazini na isafiri ndani ya mfuko wake. Nyumbani ifuliwe peke yake, kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, na mfuko nao ufuliwe. Kalamu, kitambulisho cha shingoni na simu vifutwe kwa pombe ya asilimia 70. Simu hasa, kwa sababu ni kioo na plastiki, na inakwenda hadi shavuni.

Pia usijitese. Kwa korona, CDC ilikadiria mwaka 2021 kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 katika 10,000. Nimewaona wenzangu wakilala sebuleni wiki nzima na kukataa kumbeba mtoto wao kwa hofu ya nguo waliyokwisha kuivua na kuifua. Ukishavua vizuri, ukanawa, ukaoga na kubadilisha, mbebe mtoto.

Damu ikigusa kidonda chako au ikiingia machoni, hapo usisubiri kufika nyumbani. Osha kwa maji mengi (kidonda kwa sabuni pia), usikikamue, na toa taarifa palepale. Dawa ya kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, na haipaswi kupita saa 72.

Hatua ya 11: Jipime kwa rangi

Zoezi hili halihitaji taa wala losheni ya pekee. Chukua rangi ya maji inayooshika, changanya na sabuni kidogo, uipake kwenye viganja vya glavu na kifuani mwa gauni ulilovaa juu ya fulana nyeupe. Usisubiri ikauke kabisa. Kisha vua kama unavyovua siku zote, mwenzako akitazama bila kusema neno.

Ukimaliza, simama mbele ya kioo. Angalia kifundo cha mkono, hasa upande wa dole gumba. Angalia shingo, chini kidogo ya sikio, ulipopitisha vidole kutafuta fundo. Angalia fulana usawa wa kitovu, na ukingo wa nywele nyuma ya kisogo. Alama ya kawaida kabisa ni mstari mwembamba kwenye kifundo, mahali ambapo mdomo wa glavu ulijikunja ukitoka. Mwenye alama hiyo huwa hakuhisi chochote.

Osha, vaa tena, rudia mpaka fulana itoke nyeupe mara mbili mfululizo. Katika ule utafiti wa mwaka 2015, wahudumu waliofundishwa kwa mazoezi na kuonyeshwa alama zao papo hapo walishuka kutoka kuchafuka mara 60 katika kila 100 hadi mara 19, na miezi 3 baadaye walikuwa mara 12. Fanya zoezi siku ambayo mgonjwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza hayupo wodini, na wafanyakazi wa usafi na wafua nguo wawe kwenye mstari pamoja na wauguzi na madaktari, kila mmoja na fulana yake.